Kungoja Yai Baada ya Kunyonyesha, na Beseni la Kaku

Mabinti zangu, ninyi mnaovaa sasa ile gileti, kizibao cha kazi, niliyoirudisha kituo cha afya, mliniomba niandike kazi ilivyokuwa. Nimeanza mara nyingi nikachana. Shule ya msingi niliimaliza, sekondari ikanimaliza mimi, kwa hiyo msitafute hapa maneno makubwa. Sitafuata mwaka kwa mwaka pia. Nikijaribu hivyo nitawadanganya, maana miaka imechanganyika kichwani mwangu kama mchele na vijiwe vyake.

Kazi yenyewe mnaijua: kupita nyumba kwa nyumba katika mtaa wa reli hapa Kamina, mara nyingine hadi kambini kwa askari, na kuongea na wanawake juu ya kitu ambacho hakuna anayekitaja mbele ya baba mkwe. Kuna waliotaka kuzaa na waliotaka kupumzika kuzaa. Wote waliuliza swali lilelile: yai langu linatoka lini?

Nasema wazi kwamba najivunia kazi hii. Mama Banza aliyenifundisha alinikataza kujivuna mbele ya mama mwenye shida. Hakunikataza kujivuna nikiwa nimepumzika.

Huyo Mama Banza alikuwa mke wa mtu wa reli, mnene, mwenye sauti ya kuita watu toka ng'ambo ya barabara. Kabla ya kuingia kazi ya afya alikuwa akiuza mikate ya mafuta pale stesheni. Siku yangu ya kwanza alinikalisha jikoni kwake, akachukua dongodongo, yaani bamia, ile mboga ya kuteleza, akaikata, akapaka maji yake kwenye vidole viwili na kuvitenganisha polepole. Uzi ukavutika katikati, unang'aa.

"Unaona?"

"Naona, Mama."

"Ute ya mwanamuke ikifika hivi, yai iko karibu. Ikiwa mukavu, hapana. Ikiwa inashikana kama gundi ya muhogo, bado, lakini fungua macho. Ikivutika hivi na unasikia chini kumelowana, kunateleza, njo siku yenyewe. Sasa osha mikono, tukule hii dongodongo na bukari."

Ile siku nilikula bukari tupu, ugali bila mboga. Aliniangalia akacheka mpaka kikwembe alichojifunga kiunoni kikafunguka.

Nawapa sasa jambo ambalo wengi wenu mnalikosa, na sisi zamani tulilikosa vilevile. Mwanamke ambaye mwezi wake unakuja kwa utaratibu anaweza kuhesabu. Kolye, ule mkufu wa shanga za kuhesabia siku, inamfaa, na hizi telefone zenu zenye kalenda zinamfaa. Lakini mama aliyekuwa ananyonyesha, hasa wakati maziwa yanapungua na muda baada ya kumwachisha mtoto, mwili wake unajifunza upya. Mwezi unakuja, unapotea, unarudi. Damu inaweza hata kuja bila yai kutoka. Ukihesabu hapo, unahesabu nini?

Mama Banza alilieleza kwa treni, kwa sababu Kamina kila mtu ameshangoja treni.

"Minyi nilikuwa nauzisha mikate kwa stesheni," alisema. "Karatasi ya saa ilikuwa pale kwa ukuta. Kuko muntu alikuwa anaiangalia? Hapana! Ukiangalia karatasi, mikate inapola. Tulikuwa tunaangalia bantu ya kazi. Ule wa kugeuza njia akivaa kofia na kutoka inje, njo tunaweka mikate kwa sahani. Treni haiseme saa yake, lakini kila mara inatumaka alama mbele."

Alama ni ute. Kichwa cha treni ni yai. Damu ni wagoni ya mwisho. Anayekaa akingoja aone damu kwanza ndipo ajue uzazi umerudi, huyo anangoja wagoni ya mwisho. Kichwa kinaweza kuwa kimeshapita.

Mke mmoja wa askari, mtu wa mbali aliyeongea Lingala kuliko Swahili, alikuja kwetu akilia na tumbo limeanza kuonekana. Hakuwa ameona damu hata mara moja tangu azae. Majirani walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mimba ni ya nje, na bwana yake akawa anakula bila kusema. Yule mke alidhani maziwa yanamlinda. Maziwa yanalinda kweli, msije mkasema mimi, Mama Ngoie, nimekanusha: yanalinda wakati mtoto hajamaliza miezi sita, ananyonya tu bila kingine, mchana na usiku, na damu haijarudi. Yeye alikuwa ameanza kumpa mtoto uji na kumwachia dada yake ili aende sokoni. Mama Banza alimwita yule askari, akamweleza habari ya kichwa cha treni na wagoni ya mwisho. Askari alisikiliza amesimama wima kama kwenye gwaride. Kisha akamuuliza mke wake kwa upole kama amekula. Mara nyingi kazi yetu iliishia hapo, mabinti, kwa mtu kuulizwa kama amekula.

Lakini niliahidi kuwaandikia habari ya mama mmoja wa Kiluba aliyeitwa Mujinga, na ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Mujinga alikuwa na mtoto mmoja, Kasongo, aliyemnyonyesha mpaka akawa anakimbia na kuomba ziwa kwa maneno. Bwana yake, Ilunga, alifanya kazi kwenye treni za mizigo, akishuka upande wa Bukama na mbele yake, akirudi siku ambayo reli imependa. Nyumbani aliishi pia mama mzaa bwana, ambaye mtaa mzima tulimwita Kaku, yaani bibi, kama alivyoitwa na mjukuu wake. Kaku alikuwa mfupi, mkali, na hakuna aliyemshinda kwa usafi. Uwanja wake ulifagiliwa kabla jua halijapanda, na ole wako uukanyage kabla hajamaliza.

Mujinga alinijia kituoni, akangoja wengine watoke.

"Mama Ngoie, Kaku anasema kama mpaka kiangazi inaisha siko na mimba, ataenda Kaniama kumutafutia Ilunga bibi mwingine, muke ya pili. Kuko binti mumoja kule, baba yake iko na ng'ombe."

"Na Ilunga anasema nini?"

"Ilunga anasema, 'Mama anaongea tu.' Lakini ananyamazaka, Mama. Zamani alikuwa anacheka."

"Kasongo aliacha kunyonya lini?"

"Wakati ya mahindi mubichi."

"Na mwezi?"

"Mwezi inakuya kama inapenda. Mara inakuya, mara inapotea, mara inarudia bila kupiga hodi."

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Kila akienda msalani, apanguse mbele kabla ya kukojoa, aangalie, aguse. Mchana kutwa asikilize kama kumekauka au kumelowana. Jioni, kabla ya kulala, akumbuke hali ya ute iliyolowana kuliko zote siku ile. Asiangalie baada tu ya kulala na bwana, maana maji ya mwanaume yanadanganya macho. Alirudia kila neno vizuri. Alikuwa na akili kuliko mimi, nasema hivyo bila unyenyekevu wa uongo.

Akarudi baada ya muda. "Mukavu."

Akarudi tena. "Mukavu, Mama. Kila siku mukavu kama njia ya Kabondo-Dianda."

Niliogopa. Wengine wanakaa wakavu muda mrefu baada ya kunyonyesha, hilo ni la kawaida. Lakini yeye damu ilikuwa ikija mara kwa mara, na ukavu usioacha hata kidogo ulinishangaza. Nilimpeleka kwa mganga mkuu wa kituo, tuliyemwita titileri, mtu mpole anayesikiliza. Alimpima, hakuona ugonjwa, akasema tungoje kidogo kabla ya kumtuma hospitali kubwa. Nilijiuliza kama nimemfundisha vibaya. Nikamuuliza Mama Banza, ambaye wakati ule miguu ilikuwa imeshamsumbua na hatembei sana.

Hakunijibu kwa jambo la kitabu. Aliuliza, "Weye umefika kwake asubui?"

"Hapana, huwa napita mchana."

"Enda asubui. Muntu anasema mambo yake mchana. Asubui anaifanya."

Nikaenda. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, na alama za fagio zimepangwa kama nywele zilizochanwa. Nikasimama pembeni nikaita. Kaku akatoka nyuma ya nyumba amebeba beseni la bati la bluu linalotoa mvuke, na harufu ikanifikia kabla yake: majani machungu, yanayokaza ulimi hata kwa kunusa.

"Eyo vidje, Kaku," nikamsalimu kwa heshima ya Kiluba. "Kuna mgonjwa?"

"Mugonjwa wapi! Ni ya kunawisha bibi ya Ilunga." Akaliweka chini, amejaa furaha. "Kila asubui minyi njo namutengenezeaka. Tangu alizala Kasongo sijakosa. Anaikaa juu ya moshi, kisha ananawa mpaka ndani. Hii majani inatokea kwetu. Mama yangu alininawisha nayo, na minyi nilizala batoto munane! Bibi ya mwana yangu anapashwa kuwa safi na kukazana kama binti."

Mujinga alikuwa mlangoni, kichwa chini. Hakuwa ameniambia kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Kwake kuoga si habari. Na sisi kituoni, kwenye mabango yetu yote yenye picha, hatukuwa na picha ya beseni.

Mabinti, hapa ndipo kazi inapokuwa kazi. Ningeweza kusema, "Kaku, umekosea." Ningekuwa nimefunga mlango ule mpaka leo. Mwanamke yule alikuwa akiamka kabla ya kila mtu, akachota maji, akakata kuni, akapika majani kwa ajili ya mke wa mwanawe. Anayetaka kumwita mchawi kwa sababu ya maneno yake ya Kaniama, akumbuke na kuni hizo.

Nikaangalia uwanja. Nikamuuliza, "Kaku, kuku wako wamepita hapa asubuhi hii?"

"Kuku? Nani anajua! Nimeshafagia."

"Na kama kuku mmoja amepotea, nawe unataka kujua amepitia wapi?"

"Basi ningeangalia miguu yake kwa udongo mbele ya kufagi..." Akasimama. Akaangalia fagio. Akaangalia beseni. Akaniangalia mimi kwa macho ya mtu aliyekamatwa kwenye kona. "Mama Ngoie. Weye uko na akili mubaya."

"Ni ya Mama Banza, Kaku. Mimi nimeazima."

Nilimweleza kwamba mwili wa mwanamke una alama unayoitoa wenyewe, ute unaobeba mbegu ya mwanaume na kuilinda. Ndani hapahitaji kuoshwa, panajisafisha. Majani yale yanakausha, na maji yanaondoa kilichobaki, halafu tunamuuliza Mujinga ameona nini. Nje, maji safi yanatosha. Ute ukiwa na harufu mbaya, ukiwasha au ukibadilika rangi, hapo si alama ya yai, aje kituoni.

Kaku akauliza, "Na batoto yangu munane?"

Ni swali la haki. Nilisema, "Sijui, Kaku. Labda mwili wako ulikuwa na nguvu kuliko majani." Alilipenda jibu hilo. Nami hadi leo sijui kama majani yalimzuia Mujinga kupata mimba. Titileri nilimuuliza, akasema hawezi kuapa. Ninachoweza kuapa ni kwamba yalituzuia kuona.

Kaku akaacha kupika majani. Ukavu ukabaki kwa muda, na Mujinga akaanza kunikwepa njiani. Kisha asubuhi moja akanijia karibu anakimbia, mikono yenye unga. "Gundi, Mama! Gundi ya muhogo!" Wauza nyanya wakageuka. Kesho yake pakawa pakavu tena, akalia. Nikamwambia alichoniambia Mama Banza: baada ya kunyonyesha mwili unajaribu, unashindwa, unajaribu tena. Ute unakuja kidogo na kuondoka bila yai, kama treni inayopiga honi huko mbali halafu inasimama porini. Si ugonjwa, wala si wakati wa kukata tamaa. Endelea kuangalia.

Akaendelea. Na mara ya kwanza ute ulipovutika kabisa, ukiteleza kama dongodongo, Ilunga alikuwa amekwama upande wa Bukama, wagoni moja imetoka njiani. Mujinga alimpigia simu. Sikuwepo, lakini alinisimulia.

"Rudia," akamwambia.

"Nirudie na nini? Na miguu?"

"Alama imefika, Ilunga!"

"Hapa pia alama imefika, mama. Nyekundu. Treni haitembee."

Tulicheka, lakini kiangazi kilikuwa kinaisha. Upepo ulikuwa unabeba vumbi, watu wanachoma mashamba, na Kaku alikuwa bado hajafuta neno lake la Kaniama. Mujinga aliniambia kwa sauti ndogo, "Mama, ikipita tena, sitajaribu tena. Nitamuacha alete ule wa ng'ombe."

Kazi yetu haiahidi, mkumbuke hilo. Nilimwambia tu kwamba safari hii asisubiri ute uvutike ndipo aite. Amwite bwana pale pale gundi inapoanza, maana mbegu ya mwanaume katika ute mzuri inaweza kungoja yai siku kadhaa, lakini yai halingoji mtu. Yai likitoka, muda wake ni mfupi sana.

Gundi ikaanza siku ya soko. Ilunga alikuwa hapa Kamina, lakini ameandikwa kuondoka na treni ya mchana. Mujinga aliona haya kumwambia mbele ya mama yake. Akamwambia Kaku.

Na Kaku, mabinti, alifunga kikwembe akaenda stesheni kwa miguu yake. Wafanyakazi wa reli wanaisimulia mpaka leo. Alisimama kwenye mlango wa biro, ofisi ya stesheni, akaita, "Nani njo mukubwa hapa?" Mkubwa akatoka. "Tata, mwana yangu Ilunga haende leo. Iko na kazi ku nyumba."

"Kazi gani, Mama?"

"Kazi ile yenye baba yako alifanya, njo weye uko hapa."

Nasikia mkubwa aliinama kwenye karatasi zake muda mrefu bila kuandika kitu. Mwenzake Ilunga, asiye na mke wakati ule, akasema yeye ataenda badala yake, na Ilunga atamlipia zamu siku nyingine. Ilunga akarudi nyumbani nyuma ya mama yake, masikio yanawaka. Kaku alimchukua Kasongo mkononi, akaenda naye kulala kwa dada yake.

Mwezi haukuja. Kwa Mujinga mwezi kutokuja hakukuwa ushahidi. Tulingoja, titileri akampima mkojo, akatoka nje anatabasamu kabla ya kufungua kinywa. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Kuhusu Kaniama hakuna aliyesikia tena neno.

Mmoja wenu alinionyesha juzi telefone yake: "Mama Ngoie, hii inasema yai yangu inatoka siku ya ine ya juma hii." Ni chombo kizuri, nasi tungekifurahia. Inafaa pia kuandika humo ulichoona. Vile vijiti vya kupima mkojo vinavyouzwa farmasi ni vizuri pia. Ila kwa mwezi usio na utaratibu utavimaliza vyote bure, kwa hiyo anza kuvitumia ute unapoonekana. Kipimo cha joto kinakuambia yai likishatoka, na mama anayeamshwa na mtoto usiku kucha joto lake halisomeki vizuri. Na mama akimaliza mwaka akijaribu bila kupata, au nusu mwaka tu kama umri umeenda, mtumeni hospitali, pamoja na bwana yake. Bwana naye ana upande wake katika jambo hili. Lakini mbele ya vyote, fikeni nyumbani asubuhi. Ulizeni mama anaoga namna gani.

Mama Banza hayupo tena. Nilimletea habari ya Mujinga akiwa kitandani, naye akauliza tu, "Na Kaku, mulimuheshimu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ulifanya kazi." Sijapata cheti kingine kinachonitosha kama hicho.

Nilipita kwa Mujinga wiki chache baada ya kuzaa. Asubuhi, kama nilivyofundishwa. Kaku alikuwa nyuma ya nyumba na beseni lile la bati la bluu, linatoa mvuke. Nikanusa: hakuna majani. Akaniona, akajua ninachowaza.

"Maji tupu," akasema kwa ukali. "Kuya uone."

Nikasogea. Alikuwa amelikalisha beseni kati ya miguu yake, na ndani yake binti mdogo, mweusi na mnene, anapiga maji kwa visigino. Uwanja ulikuwa bado haujafagiliwa. Alama za miguu ya kuku zilikuwa zimejaa kila mahali.